Friesian au chotara? Hesabu ya maziwa kwa mfugaji mdogo wa Mwanza

Kuanzia Buswelu hadi Kisesa, mwenye kiwanja kidogo akitaka ng'ombe wa maziwa huulizia Friesian, na ana sababu zake. Ng'ombe wa kienyeji wa Usukuma hutoa lita 1 hadi 3 kwa siku, tena anataka machunga ambayo mjini yameisha. Friesian mmoja bandani, akitunzwa, huwapita kienyeji watano. Samadi inakwenda kwenye mchicha, na wateja wa maziwa ni majirani. Mwenye robo eka anayesema hivyo hakosei.

Neno zito hapo ni "akitunzwa". Friesian wa kilo 500 anahitaji kilo 15 hivi za chakula kikavu kwa siku. Kwa majani mabichi ya tembo peke yake, hiyo ni kama kilo 75, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Juu yake weka lita 60 za maji au zaidi. Wakati wa mvua watu wanamudu. Kuanzia Juni hadi Septemba banda lilelile linaishi kwa mabua na pumba, na mashudu ya pamba kwa mwenye fedha. Joto nalo lina lake: mchana wa Mwanza hukaribia nyuzi 30, ilhali ng'ombe huyu wa nchi za baridi huanza kupunguza kula zikipita 25 hivi. Kupe wapo, na ndigana kali, ugonjwa wanaoueneza, ingawa kwa huo angalau kuna chanjo.

Hasara kubwa, kwa maoni yangu, haionekani kwenye ndoo. Ng'ombe aliyekonda hapati joto la kutaka dume kwa wakati, basi hashiki mimba. Tuchukue mfano wa kubuni: Friesian ametoa lita 4,000 kwa uzao mmoja, lakini kati ya ndama na ndama imepita miezi 18. Ukigawa kwa siku zote ulizomlisha, unapata lita 7 na kidogo. Chotara wa nusu kwa nusu, yaani nusu kienyeji na nusu wa kigeni, aliyetoa lita 2,600 na kuzaa tena baada ya miezi 13 anapata 6 na nusu. Pengo halifiki lita moja, na chotara amekula pungufu.

Mapitio yaliyochapishwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 1987, kutoka majaribio ya nchi nyingi za joto, yanaelekea hukohuko: maziwa yalipanda hadi damu ya kigeni ilipofika nusu, na kupita hapo nyongeza haikuwa ya uhakika tena.

Wanaomkataa chotara wana jibu, na si jepesi. Ukipandisha chotara kwa chotara, watoto wao hushuka maziwa, hivyo kila mara unatafuta mtamba (jike ambaye hajazaa) mpya, aliyezaliwa na mama wa kienyeji na baba wa kigeni. Kwetu mama zao wapo tele, Kwimba, Magu na Misungwi. Kikwazo ni kuwahimilisha, yaani kuwapandikiza mbegu bila dume: joto la jike wa kienyeji ni fupi, mara nyingi huja usiku, na mtaalamu akifika kesho yake limepita. Kijiji kinachoweza kutunza dume moja safi la Jersey au Ayrshire kwa pamoja, na kulipima magonjwa ya uzazi, kingepata mitamba hiyo kwa urahisi kuliko kungoja mbegu.

Friesian ningemwachia mwenye kisima, shamba la majani na hei ya kumfikisha Oktoba. Akienda kununua, aulize tarehe za kuzaa mara mbili zilizopita kabla ya kuuliza lita.