Barabara ya Tsingy: tope ni mlinzi au ni adhabu?

Vikundi vya safari vya Kisumu na Nakuru, vile ambavyo watu huchanga kidogo kidogo kila mwezi, vimeizoea Diani na Zanzibar. Anapotokea mmoja akapendekeza Tsingy de Bemaraha, magharibi mwa Madagascar, mjadala huwa haukawii kufika kwenye barabara. Upande mmoja unauliza kwa nini eneo lililotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia tangu 1990 halina njia ya maana. Upande wa pili unajibu kwamba ubovu wa njia ndio uliolihifadhi. Nadhani sisi wa kanda ya ziwa tuna la kuchangia hapa, kwa sababu jambo kama hilo limetokea Lambwe, bonde la Homa Bay.

Tsingy ni msitu wa mawe ya chokaa. Mvua na maji ya chini ya ardhi yameyayeyusha mawe hayo kwa muda mrefu mno, yakabaki mapanga yaliyosimama wima, mengine marefu kuliko jengo la ghorofa kumi, yenye makali ya kuchana kiganja. Mgeni hufungwa mkanda wa usalama kiunoni, hujinasa kwenye nyaya za chuma, akapanda ngazi, akavuka daraja la kamba lililoning'inia juu ya ufa. Kuna mahali ambapo njia ni nyembamba hadi mtu anavua mkoba na kupita ubavu. Chini kwenye nyufa kuna unyevu na miti, na juu, kwenye ncha zilezile ambazo binadamu anaziogopa, sifaka mweupe, aina ya lemuri, mnyama wa Madagascar anayefanana na kima, anaruka huku mtoto amemng'ang'ania. Huyu ni sifaka wa Decken, aliyepewa jina la yule Mjerumani aliyejaribu kupanda Kilimanjaro mwaka 1861. Hapatikani popote duniani isipokuwa magharibi mwa Madagascar.

Kufika huko ni kazi. Kutoka mji wa Morondava hadi kijiji cha Bekopaka, kilicho langoni mwa hifadhi, ni kama kilomita 200, umbali usiotofautiana sana na wa Kisumu hadi Nakuru, ambao matatu huumaliza kwa saa chache. Kule ni siku nzima ya vumbi, mashimo na kusubiri pantoni, na masika yakianza njia hufungwa kwa miezi.

Wanaotaka njia iachwe ilivyo wana hoja nzito. Eneo hili lilitengwa kuwa hifadhi kali mwaka 1927, lakini karatasi haizuii moto. Tazama msitu mkavu wa Menabe Antimena, ulio njiani kati ya Morondava na mto Tsiribihina. Huko anaishi lemuri mdogo kuliko nyani na kima wote duniani, mwenye uzito wa gramu 30 hivi. Nao ni eneo lililohifadhiwa kisheria, na bado sehemu kubwa imechomwa ili kulima mahindi, baadhi ya wakulima wakiwa watu waliokimbia ukame wa kusini. Mahindi yanahitaji soko, na soko linahitaji lori. Mawe ya Bemaraha hayalimiki, ila misitu inayoyazunguka inachomeka kama mingine yoyote.

Hapo ndipo Lambwe inapokuja. Bonde lile la Homa Bay lilibaki na vichaka na nyasi ndefu kwa sababu ya mbung'o. Watu waliogopa malale, ng'ombe walikufa kwa nagana, na swala aina ya korongo wakapata kwao. Likawa hifadhi mwaka 1966, kisha Mbuga ya Kitaifa ya Ruma mwaka 1983. Mbung'o walipopungua, mashamba yakasogea hadi kwenye ua, mitego ya waya na mioto ikafuata. Sensa ya wanyamapori ya 2021 ilikuta korongo wasiofika 20, na hao ndio wote waliobaki Kenya.

Mtu anaweza kulitumia hilo kutetea tope. Mimi nalisoma kinyume. Hakuna mkazi wa Lambwe aliyepaswa kuendelea kuugua malale ili swala wapone, na kupunguza mbung'o lilikuwa jambo la haki kabisa. Kilichokosekana ni ulinzi wa kuchukua nafasi ya mdudu: askari wa kutosha, na kipato ambacho jirani wa mbuga angekihesabu mkononi mwake. Vivyo hivyo Bekopaka. Mjamzito anayepata uchungu mwezi wa Februari, barabara ikiwa chini ya maji, analipa gharama ya uhifadhi ambayo mtalii hailipi kamwe. Mtalii huja wakati wa kiangazi, hupiga picha, akaondoka. Kumwambia mama huyo kwamba tope ni zuri kwa lemuri ni ukatili.

Hata hivyo siungi mkono lami itangulie mipango. Utalii wenyewe bado haujafikia kuwa ngao: msimu ni mfupi, na sehemu nzuri ya pesa za safari hubaki kwa wenye magari na wapangaji wa mijini. Kinachofika kijijini ni malipo ya waongoza wageni, ambao lazima uwe nao kuingia hifadhini, vitanda, chakula na sehemu ya kiingilio. Kwa hiyo anayetoka Kisumu kwenda huko afanye jambo moja tofauti: alale Bekopaka siku kadhaa badala ya kukimbizwa aone Tsingy Kubwa, sehemu ya mawe marefu zaidi, na kurudi, na amuulize anayemuuzia safari kiasi gani kinaishia mikononi mwa wenyeji. Akikosa jibu, atafute mwingine.

Na barabara ijengwe. Ila doria ya moto na mgao wa vijiji viwe vinafanya kazi kabla greda la kwanza halijavuka Tsiribihina, kwa sababu lori la mahindi litapita siku ileile ambulensi itakapoanza kupita.