Dakika tatu za maji moto hazistahili ngozi ya mtoto

Kila baridi inapoingia, ushauri ule ule huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wetu huku Marekani: maji moto yakiisha kabla familia nzima haijaoga, shuka besimenti, chumba cha chini ya nyumba, zungusha kidude cha joto cha hita ya maji ya gesi mpaka mwisho. Mmoja anaandika, kumi wanashukuru. Naomba ushauri huu tuuache, maana wanaoungua ni watoto na wazee, na kinachopatikana ni dakika tatu.

Tupige hesabu. Tangi la galoni 40 hubeba kama lita 150, na kati ya hizo utapata lita 105 hivi zikiwa moto kweli kabla maji baridi yanayoingia chini hayajapoza lote. Januari ya Minnesota, maji ya bomba huingia yakiwa kama nyuzi 4 za Selsiasi. Mtu huoga kwa nyuzi 41 hivi. Hita ikiwa kwenye 49, yaani 120 za Farenhaiti, na shawa ikitoa lita 9.5 kwa dakika, mnaoga dakika 13 na nusu. Pandisha hadi 60, yaani 140 za Farenhaiti: hazifiki 17. Moto unaoendelea kuwaka chini ya tangi wakati mnaoga utaongeza kidogo, lakini utaongeza huku na huku. Sasa iache hita kwenye 49 na ubadilishe kichwa cha shawa, uweke cha galoni moja na nusu kwa dakika, kama lita 5.7. Mtaoga dakika 22! Kichwa hicho kinafungwa kwa mkono na utepe mweupe wa mabomba, na hakimuunguzi mtu.

Gharama ya zile dakika tatu ni hii. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji ya Marekani inasema maji ya Farenhaiti 150 humuunguza mtu mzima hadi tabaka za ndani za ngozi kwa sekunde mbili. Ya 140, sekunde sita. Ya 130, nusu dakika. Ya 120, mpaka dakika tano. Hao ni watu wazima. Ngozi ya mtoto ni nyembamba na huungua mapema zaidi. Katika sekunde sita mzazi aliye chumba cha pili hajafika hata mlangoni.

Nyumbani tulichemsha maji kwenye sufuria, tukayamimina kwenye ndoo yenye maji baridi, tukatia mkono kabla ya kumwogesha mtoto. Mkono ulikuwa kipimo. Huku bomba linamwaga moja kwa moja juu ya mwili, na mtoto wa miaka miwili anaweza kuligeuza mwenyewe. Ile desturi ya kutia mkono kwanza tusiiache uwanja wa ndege.

Halafu kuna jambo ambalo wanaosema "zungusha mpaka mwisho" hawalitaji. Themostati ya hita hizi hukaa chini ya tangi. Kila mtu anaponawa mikono, maji baridi kidogo huingia chini, themostati inayahisi, moto unawaka, na maji ya juu ambayo tayari yalikuwa moto yanapashwa tena. Wakinawa watu wengi kidogo kidogo, maji ya juu yanaweza kupita kiwango ulichoweka kwa hadi nyuzi 30 za Farenhaiti. Aliyeweka 140 anaweza kufungulia maji ya 170.

Ndiyo maana kidude chenyewe si kipimo. Kwenye vali nyingi za gesi za hita, pembetatu au neno HOT ni karibu 120, A ni 130, B ni 140, C ni 150, na VERY HOT ni 160, lakini yote ni makadirio. Pima. Kaeni saa mbili bila kutumia maji moto, kisha fungua upande wa moto peke yake kwenye bomba lililo karibu na hita kwa dakika mbili au tatu. Kinga kikombe, kiache kifurike, utie themometa ya kupimia nyama; ya homa haifai, inaishia kwenye nyuzi 42 hivi za Selsiasi. Ikizidi 120, rudisha kidude kidogo tu, subiri saa tatu, upime tena. Ukishapata, piga mstari wa wino usiofutika hapo kilipo. Angalia usichanganye: kwenye vali za zamani kidude cha juu chenye OFF, PILOT na ON ni cha gesi, si cha joto.

Wanaotetea 140 wana hoja moja ambayo siwezi kuikataa: bakteria wa Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu na waliopewa jina baada ya mlipuko wa Philadelphia mwaka 1976, hustawi kwenye maji vuguvugu na hufa kwenye 140. Kama kuna mgonjwa mwenye kinga dhaifu nyumbani, muulizeni daktari wake. Lakini anayeweka 140 aweke pia vali ya kuchanganya maji kwenye bomba la kutokea la hita, ifungwe na fundi mwenye leseni, ili yanayofika bafuni yawe 120. Bila vali hiyo, hoja hiyo haimkingi mtoto aliye kwenye beseni. Na wengine wasishuke chini ya 120 kwa kubana bili.

Kama maji yalikuwa yakitosha na sasa hayatoshi, kidude hakina kosa. Pengine mashapo ya chokaa yamejaa chini ya tangi, na utasikia linagugumia moto ukiwaka. Pengine bomba la plastiki linalopeleka maji baridi chini limekatika, na baridi inachanganyika juu.

Vali ya usalama ya tangi hufunguka kwenye nyuzi 210 za Farenhaiti au shinikizo la psi 150, yaani pauni 150 kwa inchi ya mraba. Bomba lake lisizibwe hata likidondosha. Moto uwe wa buluu, na kengele ya kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, iwepo. Ukisikia harufu ya gesi usiguse swichi yoyote: toka na wote, piga simu ukiwa nje.

Nyumba ikiwa ya kupanga, usiiguse hita. Mwandikie mwenye nyumba, taja nyuzi ulizopima, tarehe na bomba ulilopimia, ambatanisha picha ya themometa, na uombe 120. Mwombe pia fundi afungue mpini wa shawa asogeze kile kipete cha plastiki chenye meno kinachozuia mpini kwenda moto kabisa. Ni kazi ya dakika chache, na hufanywa upya kila hita inapobadilishwa.