Semeni "amefariki", msiseme "ubongo wake umekufa"

Shemeji yangu alianguka bafuni asubuhi, mshipa ulikuwa umepasuka kichwani kwa sababu ya presha, na siku ya tatu daktari akatuita pembeni ya ICU akasema "ubongo wake umekufa ila bado tunamsaidia na mashine". Mama yake akauliza swali moja tu: kwa hiyo mwanangu ataamka lini?

Watu wengine pale waliinamisha vichwa kama vile mama hajaelewa. Alielewa vizuri sana! Kaambiwa kitu kimoja ndani ya mwanae kimekufa na vingine vinaendelea, na kila mtu anajua figo zinaweza kufa na mtu akaishi miaka, sasa kosa lake liko wapi? Kosa ni la ile sentensi, na mi ndo naipinga hapa. Mtu ambaye ubongo wote umekufa pamoja na shina lake, ile sehemu ya chini inayoendesha pumzi, amefariki, basi. Marekani na Uingereza saa ya kifo inayoandikwa ni ile ya vipimo, sio saa ya kuzima mashine. Kama cheti kinasema hivyo kwa nini ndugu waambiwe kwa lugha ya kuzunguka.

Najua kinachosumbua. Unamkuta kifua kinapanda na kushuka, mwili una joto, mkojo unatoka, na kwenye skrini moyo unadunda. Lakini moyo una umeme wake wenyewe, hausubiri ubongo uuamrishe ndo udunde, ukipata oksijeni unaendelea kwa muda, na oksijeni hiyo inasukumwa na mashine. Zamani hili tatizo halikuwepo kabisa maana ubongo ukifa pumzi inakata na moyo unafuata baada ya dakika chache. Ni mpaka mwaka 1952 kule Copenhagen, polio ilipowapooza watu misuli ya kupumulia, wanafunzi wa udaktari wakawa wanapokezana kubinya mifuko ya hewa kwa mikono usiku na mchana, halafu mashine zikachukua ile kazi. 1959 madaktari wawili wa Paris, Mollaret na Goulon, wakaandika juu ya wagonjwa 23 waliokuwa mbali kuliko koma, ule usingizi mzito wa kupoteza fahamu, mashine inapumua ila ndani hakuna kitu. Kamati ya chuo kikuu cha Harvard, Marekani, ikaja kuweka vigezo vya kifo cha ubongo 1968, na kwa vile Barnard, daktari wa Afrika Kusini, alikuwa amempandikiza mtu moyo wa binadamu kwa mara ya kwanza Desemba 1967 kuna watu wanasema hiki kifo kilibuniwa ili wapate viungo. Wasiwasi huo nauelewa, sitaki kuucheka, ila wale Wafaransa waliandika miaka 8 kabla hajatokea mtu yeyote wa kupandikizwa moyo wa binadamu.

Sasa zile stori za kwenye WhatsApp, mtu kaamka baada ya miezi, nyingi ukizifuatilia sio za kifo cha ubongo, ni za koma au hali nyingine. Aliye koma shina la ubongo linaweza kuwa linafanya kazi, anaweza kutoka pale. Kuna wanaofungua macho, wanalala na kuamka, wanapumua wenyewe lakini hawaonyeshi kujua chochote, na hata hao tusiwakatie tamaa haraka, 2006 mwanamke mmoja wa aina hiyo aliambiwa ajione anacheza tenisi akiwa ndani ya mashine ya picha, ubongo wake ukaitika kama wa mtu mzima wa afya. Kuna na wale waliofungiwa ndani, wanasikia na kuelewa kila neno ila wanachoweza kusogeza ni macho tu. Hawa wote wako hai! Kuwachanganya na maiti ni kuwaonea wao kwanza.

Kwenye kifo cha ubongo kinachotokea ni hivi, ubongo unavimba na fuvu ni mfupa halitanuki, msukumo wa ndani unapanda mpaka unazidi wa damu inayotaka kuingia, damu inakosa njia. Wapo madaktari wanaobisha kwa hoja nzito kwamba kwa baadhi ya wagonjwa hawa kipande kidogo cha ubongo bado kinatoa homoni, nimewasoma, ila kwangu mimi homoni sio mtu.

Na vipimo sio vya kubahatisha. Kwanza chanzo kijulikane, halafu wahakikishe hana dawa za usingizi mwilini, hajapoa sana, hana dawa za kulegeza misuli. Wanamulika mboni, wanagusa jicho na pamba, wanamwaga maji ya barafu sikioni waone kama macho yatasogea, wanachokoa koo waone kama atakohoa. Mwisho wanampa oksijeni ya kutosha, wanatoa mashine na kukitazama kifua dakika 8 mpaka 10 hivi huku kaboni dayoksaidi ikipanda, vigezo vingi vinataka msukumo wake kwenye damu ufike milimita 60 za zebaki. Bana pumzi yako uone ile hewa inavyokulazimisha uvute, hakuna anayeishinda. Kifua kikibaki kimetulia, basi.

Hiki kipimo ndugu waruhusiwe kukiona wakitaka. Sisi tulifungiwa mlango. Na wakiruhusiwa waonywe kabla kwamba mkono unaweza kusogea, hata kunyanyuka mpaka kifuani, maana uti wa mgongo una mienendo yake bila ubongo. Hakuna aliyetuambia, kwa hiyo vidole vilipocheza mama akaanza kuomba kwa sauti na sisi wote tukaomba naye, yaani tulipata matumaini ya usiku mzima ambayo hayakuwepo.

Aliyetuokoa ni nesi mmoja wa zamu ya asubuhi. Alivuta kiti akakaa karibu na mama, akamshika mkono akasema "mama, mwanao amefariki jana. Hii pumzi unayoiona ni ya mashine." Mama akauliza saa ngapi. Nesi akafungua faili, akamwambia saa nane na dakika kumi mchana. Ndo hapo mama akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu tufike pale.