Bakuli likitoka kaburini, tundu lake nalo litunzwe

Ukisimama mbele ya makaburi ya nguzo, yaani makaburi ya kale yaliyojengewa nguzo ndefu ya mawe, pale Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, kinachokuvuta macho kwanza ni matundu. Ni ya duara, yamo kwenye lipu ya chokaa, mengine juu kwenye nguzo, mengine ubavuni. Kila tundu lilikuwa na sahani au bakuli la kauri kutoka China, lililopachikwa chokaa ikiwa mbichi, uso wake ukitazama nje. Mengi yameng'olewa. Na mtu akiling'oa kwa patasi, mara nyingi bakuli hupasuka, kitako kikabaki kimeganda ukutani na yeye akaondoka na vipande.

Nasikia watu wakisema makaburi kama haya yametupwa, hayana mwenyewe, basi heri vitu vyake viokolewe kabla wezi hawajavimaliza. Wasemao hivyo wana nia njema, nami nakubali kwamba kuna vitu ambavyo vikiachwa pale vitapotea. Lakini bakuli lililotolewa kaburini bila kuandikwa lilikuwa kaburi gani, upande gani, kimo gani, limeshaibiwa kwa namna yake, hata kama sasa limo kwenye kabati la makumbusho. Linabaki kuwa chombo kizuri cha bluu na nyeupe, na vya namna hiyo viko duniani kote. Lililoonyesha kwamba ukoo fulani wa pwani ulimzika mtu wake kwa heshima ile ni bakuli pamoja na tundu lake.

Hili si jambo la wataalamu peke yao. Kule Gedi, magofu ya mji wa kale karibu na Malindi, Kenya, kuna kaburi lenye tarehe iliyochongwa: mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kuchimba Gedi mwaka 1948, alilitumia kaburi hilo kukadiria umri wa vitu vilivyopatikana karibu nalo. Fikiria kama mtu angekwisha kulibeba jiwe lile akalipamba sebuleni. Lingekuwa bado na tarehe, ila tarehe isiyofungamana na chochote.

Tena kuna vitu ambavyo mwokoaji wa haraka havioni kabisa. Huko Songo Mnara, kusini ya Kilwa, watafiti walikuta kwenye makaburi kokoto nyeupe na sarafu ndogo za shaba zilizowekwa na waliokuja kuzuru. Mtu anayewinda kauri za China za enzi ya Ming (1368 hadi 1644) angezipiga teke kokoto zile. Mimi naziona ni hazina kuliko sahani, kwa sababu sahani inaonyesha mali ya marehemu, kokoto inaonyesha mtu aliyerudi kumkumbuka.

Na hilo la kusema hayana mwenyewe! Mji wa Takwa, kisiwani Manda karibu na Lamu, ulihamwa karne ya 17, wakazi wake wakavuka kwenda Shela. Watu wa Shela wameendelea kwenda Takwa kuomba dua ya mvua kwenye kaburi la nguzo. Mgeni anayepita siku ya kawaida ataona magofu na majani. Kabla ya kugusa jiwe lolote, uliza wazee. Uliza pia msikitini. Mara nyingi atapatikana mtu anayejua ni babu wa nani aliyelala pale.

Baada ya kuuliza, kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Piga picha asubuhi au alasiri, jua likiwa la upande, kwa sababu herufi zilizofifia hujitokeza kwa kivuli. Weka kipimo ndani ya picha. Chora kaburi, utie namba kila tundu, lenye bakuli na lisilo na bakuli. Kipande kilichoanguka chini kiandikiwe kimeanguka mbele ya namba ngapi, na barua iende kwa Idara ya Mambo ya Kale kabla hujakihamisha. Usisugue kwa brashi ya waya. Usiunge vipande kwa gundi kali ya dukani. Mrekebishaji atahitaji gundi anayoweza kuiyeyusha.

La saruji linaniuma zaidi. Nimeona kaburi la mawe ya matumbawe lililozibwa nyufa kwa saruji na watu waliojitolea Jumamosi yao nzima. Chokaa hupumua, ikaingiza unyevu na kuutoa. Saruji huufungia ndani pamoja na chumvi ya bahari, jiwe likaanza kumomonyoka nyuma yake, na lipu ya zamani ikatoka kama ganda. Mwenye mfuko wa saruji na huruma, tafadhali, aubakishe mfuko nyumbani.

Nadhani sasa tuwazungumzie walio na vipande majumbani. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inahesabu kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 kuwa malikale, na ni haki iwe hivyo. Lakini kuna mtu aliyeokota kigae akiwa mtoto, au aliyerithi nusu ya bakuli kwa shangazi, na leo anaogopa kulionyesha asije akaitwa mwizi. Jeshi la Polisi hutangaza kipindi cha kusalimisha silaha kwa hiari bila mtu kushtakiwa. Ikiwa bunduki inarudishwa hivyo, bakuli nalo lirudishwe hivyo hivyo: miezi michache, pale pale kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na swali moja tu kwa anayeleta, unakumbuka lilitoka kaburi lipi?

Kipande cha ukubwa wa kiganja kinatosha. Kikija na jibu la swali hilo, kinaweza kupelekwa hadi kwenye tundu lake na kupimwa ukingo kwa ukingo na kitako kilichobaki ukutani.