"Yous" si kosa la mtoto

Mwaka 2013 shule moja ya msingi mjini Middlesbrough, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, iliwaandikia wazazi barua yenye orodha ya maneno ambayo haikutaka watoto wayazoee. "Nowt", yaani hakuna kitu, lilikuwamo. "Gizit ere", nipe hicho, nalo. Hata "yous", yaani ninyi. Walimu walikuwa na hoja: mtoto huandika anavyosema, na msahihishaji wa mtihani hana huruma.

Hoja hiyo siipuuzi. Mwajiri wa London hatajifunza lahaja ya Yorkshire, jimbo la kale ambalo Middlesbrough ilikuwa sehemu yake, kwa ajili ya barua moja ya kuomba kazi. Kutoelewana nako kupo. Huko Yorkshire "while", ambalo kwa Kiingereza sanifu ni "wakati", huweza kumaanisha "hadi", hivyo anayefanya kazi "nine while five" anatoka saa kumi na moja jioni. Wenyewe wana utani wa siku nyingi kuhusu kibao kwenye njia panda ya reli kilichomtaka dereva asubiri "while" taa zinawaka. Mwenyeji akasubiri mpaka zikawaka, ndipo akavuka.

Ninapoachana na walimu ni pale yote yanapotiwa kapu moja la makosa. "Gizit ere" ni maneno yaliyogandana kwa haraka ya ulimi, basi. "Nowt" linatokana na "nawiht" la Kiingereza cha kale. Lina umri mkubwa kuliko hicho Kiingereza sanifu. "Laik", kucheza, ni urithi wa Waviking walioiteka York mwaka 866.

Na "yous"? Hapa sisi wenye "wewe" na "ninyi" tunashtuka upesi kuliko Mwingereza mwenyewe. Zamani Kiingereza kilikuwa na "thou" kwa mmoja na "ye" kwa wengi, kisha "you" ya adabu ikameza wote. Wazee wa Yorkshire waling'ang'ania "tha" yao, yaani "thou". Middlesbrough, mji wa viwanda vya chuma uliopokea Waayalandi wengi karne ya 19, ukawa na "yous". Mwalimu akiita "you, njoo", darasa zima linatazamana. Akiita "yous", wote wanainuka. Mtoto ameziba tundu lililoachwa na lugha sanifu, halafu anakatwa maksi.

Ningekuwa mwalimu pale, ningemwambia aandike "you" kwenye mtihani, na nimweleze kwa nini bibi yake anasema vingine. Ila sidhani kama tatizo lote liko kwenye sarufi. Mwaka 1941 mtangazaji Wilfred Pickles, mtu wa Halifax huko Yorkshire, alisoma habari za taifa BBC kwa lafudhi ya kwao, na akawaaga watu wa kaskazini kwa "good neet", yaani "good night". Wapo waliolalamika kwamba habari haziaminiki zikisomwa hivyo. Karatasi aliyosoma ilitoka chumba kilekile cha habari zilikotoka za wenzake.