Popo wa Pemba si popo wa Kampala

Makala yenu kuhusu popo inasema popo wakubwa wa Pemba ni walewale wanaoning'inia mitini Kampala. Sivyo. Wote ni wa familia ya Pteropodidae, popo wala matunda, lakini wa Pemba ni Pteropus voeltzkowi na wa Kampala ni Eidolon helvum. Jenasi ya Pteropus (yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu) haipo kabisa Afrika bara; inapatikana visiwani kama Pemba, Mafia, Komoro na Madagaska, kisha huko Asia na Australia.

Ukitaka kuwatofautisha, tazama katikati ya miguu ya nyuma. Pteropus hana mkia hata kidogo. Eidolon ana kimkia kifupi. Rangi isikudanganye, kwa mbali wote huonekana wa hudhurungi.

Halafu ule mgawanyo wa popo wote kuwa "popo wakubwa" (wala matunda) na "popo wadogo" (wengine wote) umeshapitwa na wakati. Vipimo vya DNA vimeonyesha kwamba popo wenye pua ya kiatu cha farasi, wala wadudu, wana undugu wa karibu zaidi na hawa wala matunda kuliko na popo wengi wengine wala wadudu.

Tafadhali rekebisheni. Eidolon wametapakaa Afrika. Wa Pemba hawapatikani kwingine popote duniani, na jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka.