Panya walipunguziwa chakula, hawakunyimwa lishe

Mwaka jana baba yangu mdogo, anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, alianza kujinyima kula. Asubuhi uji mweupe, basi. Jioni maji na dawa. Tulipomuuliza, akafungua simu na kutuonyesha ujumbe uliopita kwenye kundi la ukoo: Marekani wamewapunguzia panya chakula, figo zao zikapona. "Mwanangu," akaniambia, "panya anapona, mimi nishindwe?" Baada ya wiki chache shati lilikuwa linampwaya shingoni.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba ujumbe ule haukuwa uongo mtupu. Utafiti upo, wa miaka mingi, na mimi nauheshimu sana. Ila aliyeandika ujumbe alianza kusimulia katikati.

Panya wa maabara kwa desturi huwekewa chakula kwenye kizimba usiku na mchana, ale atakavyo. Hatafuti, hakimbii, hapambani na mwenzake. Anapozeeka, hasa dume, na hasa wa aina mbili zinazofugwa kwa ajili ya maabara, Fischer 344 na Sprague-Dawley, figo zake huanza kuchakaa zenyewe bila mtu kumwambukiza wala kumpa sumu. Vichujio vidogo vya figo hujaa makovu, protini huvuja kwenye mkojo, na mwisho wengi hufa kwa figo kushindwa kazi.

Mwaka 1935 Clive McCay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha matokeo ya panya waliopewa chakula kidogo tangu wakiwa wadogo. Wengi wao waliishi muda mrefu kuliko wale waliokula watakavyo. Lakini vitamini na madini walipewa ya kutosha. Sentensi hii ndiyo iliyokosekana kwenye ule ujumbe, na ndiyo iliyomkondesha baba mdogo.

Miongo kadhaa baadaye, Edward Masoro na wenzake kule San Antonio, Texas, waliwapunguzia panya wa Fischer 344 kalori kwa takriban asilimia 40. Ugonjwa mkali wa figo ukawa nadra kati yao. Kisha wakauliza swali ninalolipenda kuliko yote katika habari hii: kinachookoa figo ni kupungua kwa kalori, au kupungua kwa protini? Wakatenganisha. Kundi moja lilipunguziwa kalori huku protini ikibaki kama ya walioshiba. Figo zililindwa vizuri sana. Kundi jingine likapunguziwa protini tu, kalori zikabaki pale pale. Nafuu ilionekana, lakini ndogo zaidi. Walipobadilisha aina ya protini, kutoka ya maziwa kwenda ya soya, napo ugonjwa ukapungua kasi. Kwa hiyo anayesema "protini ndiyo muuaji" anasema zaidi ya panya wenyewe.

Wamarekani wanaopima usumu wa kemikali nao waliona tatizo. Majaribio yao huchukua miaka miwili, na panya wa kulinganishia, yule asiyepewa kemikali yoyote, alikuwa anaugua figo kwa sababu ya chakula. Utajuaje kemikali imeharibu figo kama hata aliyeachwa salama si mzima? Katika miaka ya 1990 mpango wao wa taifa wa usumu ulibadilisha chakula cha panya: protini ikashushwa kutoka takriban asilimia 23 hadi 14 hivi, nyuzinyuzi zikaongezwa.

Kwa maoni yangu, basi, tumeusoma utafiti huu kichwa chini. Tunamwona panya aliyepunguziwa kama mgonjwa aliyetibiwa, wakati yeye ndiye aliyekula kiasi chake, na mwenzake wa bakuli lisilokauka ndiye aliyefanywa mgonjwa. Tena alianza kupunguziwa akiwa mdogo, figo zikiwa nzima. Wengi wetu tunaugua figo kwa kisukari na shinikizo la damu, si kwa ule uzee wa panya dume. Hata jaribio kubwa la Marekani la mwaka 1994, lenye wagonjwa zaidi ya 800 ambao hawajafika hatua ya kusafishwa damu, lilipata kwamba kupunguza protini kunaleta faida ndogo isiyo wazi.

Anayesafishwa damu yuko mbali zaidi na kizimba kile. Kila anapokaa kwenye mashine hupoteza sehemu ya protini aliyokula, ndiyo maana miongozo humtaka ale gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kila siku. Kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 60 au zaidi. Uji mweupe haufiki hata karibu.

Nilikaa na baba mdogo nikamsimulia yote haya, kuanzia bakuli lile. Alisikiliza kimya, kisha akauliza kama wale panya wa Texas walikuwa wanasafishwa damu. Nikamwambia hapana. Siku ya kliniki tulikwenda wote kwa mtaalamu wa lishe, tukarudi na karatasi yenye mayai, samaki na kuku, kila kimoja na kipimo chake.